Gunia la Makapi la Papa Masudi

Tambwe alikufa akiwa ameketi, na hilo ndilo Masudi alishindwa kumsamehe. Mtu aliyeimaliza vita nzima akisukuma baiskeli yenye magunia ya chumvi kutoka Kindu mpaka Kampene, aliyepigwa kitako cha bunduki mara mbili, aliyekunywa maji ya madimbwi na kulala na siafu, akaja kufia kwenye kiti cha plastiki cha buluu, uani kwake mtaani Mikelenge, saa nne asubuhi, kijiti cha meno kikiwa bado mdomoni. Ilikuwa Jumanne isiyo na habari nyingine yoyote. Watu wa nyumbani walidhani amesinzia, wakamwacha nusu saa nzima, kwa heshima. Kisha wakaambiwa ni moyo.

Masudi alikwenda matangani kwa pikipiki. Kutoka kwake mpaka kwa Tambwe ni mita mia tatu, na dereva hakupata hata nafasi ya kuingiza gia ya tatu. Hakuna aliyeona ajabu. Kindu, mtu mwenye umri, mke na nyumba ya mabati hatembei. Wanaotembea ni wanafunzi, vichaa, wanawake wenye vitunga mgongoni, na wale ambao pikipiki zao zimeharibika, nao hutembea wakieleza kila hatua kimeharibika nini.

Masudi alikuwa na sababu ya ziada. Kabla ya vita alikuwa karani wa ghala karibu na stesheni, kazi ya kukaa, yenye kalamu sikioni. Mwaka wa tisini na nane vita ikaingia mjini. Treni ikasimama, malori yakachukuliwa na wenye bunduki, na chumvi ikawa kitu cha kuhadithiwa. Ndipo wanaume wa Kindu wakagundua kwamba baiskeli ni mnyama wa kubeba mizigo. Waling'oa pedali na mnyororo, wakafunga fimbo moja kwenye usukani na nyingine nyuma ya tandiko, wakaweka juu yake kilo mia na zaidi, wakasukuma. Walivuka mto Lualaba kwa mtumbwi, wakaingia barabara ya msituni, siku saba kwenda na chumvi na sabuni, siku nane kurudi na mafuta ya mawese. Masudi na Tambwe walisukuma hivyo miaka karibu mitano. Kwenye kila kizuizi barabarani palikuwa na mtu ameketi kwenye kiti, na mtu huyo alitia mkono kwenye gunia bila kuinuka.

Kutokana na hayo Masudi alijipatia falsafa yake. Vita ni kutembea. Amani, basi, ni kukaa. Kuna vitabu vinene vilivyoandikwa juu ya vita na amani kwa kurasa nyingi zaidi na akili ndogo zaidi. Majeshi yalipoondoka alitundika baiskeli kwenye ukuta wa stoo, akafungua duka la vipuri vya pikipiki, akanunua kiti chenye mikono. Alikalia amani hiyo miaka zaidi ya ishirini. Ilimwongezea kilo thelathini.

Hadidja, mkewe, ndiye aliyeona kwanza. Tangu matanga ya Tambwe alihesabu kwamba mumewe husimama mara mbili kati ya kitanda na choo, akijifanya anaangalia paa.

"Paa linavuja?" aliuliza.

"Ninaangalia tu."

"Hata Tambwe aliangaliaka paa. Twende kwa munganga."

Munganga wa kituo cha afya alikuwa dada mmoja aitwaye Espérance, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi vizuri kuliko kitu kingine chochote mtaani. Alifunga kitambaa mkononi mwa Masudi, akapuliza, akasikiliza, akapuliza tena kana kwamba mashine imemtukana, kisha akasoma presha.

"Kumi na tisa kwa kumi na moja. Papa, umekujaje hapa?"

"Na pikipiki."

"Na mie nilidhani umekuja na jeneza. Papa Masudi, kazi yako iko ya kusimama ao ya kukaa?"

"Muntu anauza vipuri akisimama, anangojea nini? Ninakaa."

Espérance aliandika. Kisha akaeleza: kidonge kimoja kila asubuhi, hata siku ambayo unajisikia mzima, hasa siku hiyo. Mafuta ya mawese kwa kijiko, siyo kwa kumimina. Chumvi, kidogo kabisa. Hapo Masudi alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Alikuwa amesukuma chumvi msituni tani kwa tani ili watu wasife kwa kuikosa, na sasa mtoto huyu anamwambia kwamba ndiyo iliyokuwa ikimwua.

"Na utembee," akaongeza Espérance. "Nusu saa kila siku. Mwendo wa haraka kidogo, ule wa kuweza kuongea lakini kushindwa kuimba. Moyo ni nyama, Papa. Usipoufanyisha kazi, unalegea kama mkono uliofungwa bendeji mwaka mzima."

"Nitembee kwenda wapi?"

"Popote. Unaenda, unarudi."

"Kuchukua nini?"

"Hakuna kitu cha kuchukua. Unatembea tu."

"Wewe, Mama, ulikuwa na miaka ngapi wakati wa vita?"

"Nilikuwa na miaka mine."

"Nimekuelewa," alisema Masudi, kwa sauti ya mtu aliyesamehe ujinga mkubwa.

Lakini kile kiti cha buluu hakikumtoka akilini. Kila alipoketi dukani alijiona na kijiti cha meno. Hakuogopa kufa, aliogopa kufa vile, mchana, kwa kukaa, huku wateja wakidhani amesinzia na kujichagulia plagi. Kwa hiyo Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alivaa viatu vya ngozi, akatoka nyumbani mikono mitupu.

Hakufika mbali. Pikipiki ya kwanza ilisimama kabla hajapita ukuta wa jirani. "Papa, panda." Alisema anatembea. Dereva akangoja jibu la kweli. Pikipiki ya pili ilikuwa ya mume wa mpwa wake, na hapo mambo yakawa mazito, kwa sababu Kindu kukataa kupakiwa na mtu wa ukoo ni kumwambia mbele ya watu kwamba mna kesi. Masudi alikataa. Kufikia saa sita mchana wazee watatu wa ukoo walikuwa wameshaarifiwa kwamba Masudi amekataa kiti cha mkwe wake, na mmoja wao alikuwa ameshapata sababu, ya mwaka wa tisini na moja. Jioni majirani walimletea Hadidja sukari, wakaketi kwa huzuni, wakauliza duka limefungwa na nani.

Mwisho wa wiki alijaribu watu wa Jumamosi. Kundi hili, ambalo lina rais, makamu wa rais na fulana, linaundwa na wakubwa wa maofisi ambao nao walipimwa. Huletwa kwa pikipiki mpaka mahali pa kuanzia, hutembea mpaka kwenye ukumbi mmoja mwendo wa dakika kumi na tano, wakifuatwa nyuma na pikipiki zilezile endapo mmoja atachoka, na ukumbini hungojewa na bia na mbuzi. Masudi alitembea nao mara moja. Alisikiliza hotuba mbili juu ya moyo. Aliona makamu wa rais akijinyunyizia chumvi kwenye nyama kwa mkono wa ukarimu. Alirudi nyumbani akimheshimu Tambwe upya, ambaye angalau alikufa bila fulana.

Wazo lilimjia dukani, kwenye kiti. Barabarani wasukumaji walikuwa wakipita na makaa na ndizi, kama wanavyopita hadi leo, vichwa chini, fimbo mkononi. Masudi aliwatazama asubuhi nzima. Hakuna pikipiki iliyosimama kwa ajili yao. Hakuna aliyewauliza habari za ukoo wao. Mji mzima uliwapisha kama unavyopisha mvua. Alikwenda stoo, akaishusha baiskeli ukutani, akaifuta utando wa buibui.

Kosa alilofanya baadaye linaweza kufanywa tu na mtu aliyekuwa msukumaji. Angeweza kufunga mzigo wa kuonyesha, kitu kidogo. Lakini mikono ilikumbuka, na mikono ilikuwa na kiburi. Ilifunga kilo themanini za mchele, ikakaza kamba kwa fundo lile la zamani, na saa moja asubuhi mzee wa miaka sitini na saba mwenye presha ya kumi na tisa akatoka mlangoni akisukuma kana kwamba Kampene wanamngojea. Kwenye mteremko alijisifu. Kwenye mwinuko kifua kilikaza, masikio yakajaa mlio, na akajikuta ameketi kando ya barabara, ameegemea gunia, akifikiri jambo moja tu: hata huku nimeketi.

Espérance alimpima tena kituoni.

"Papa, mie nilisema utembee. Sikusema uanzishe tena vita."

Hadidja alikuwa na la kwake, na alilisema njiani, kwenye pikipiki, juu ya bega la dereva. "Unataka watu waone gunia. Hawataki kulila. Tia makapi."

Ilimchukua Masudi siku mbili kukubali kwamba mkewe ana akili, na zaidi ya muda huo kumwambia, kwani hajamwambia mpaka leo. Nyuma ya mashine ya mpunga ya Mama Josiane kuna mlima wa makapi ambao hakuna mtu aliyewahi kuutaka, isipokuwa kuku na moto. Masudi alifika na magunia mawili.

"Papa Masudi, unafuga kuku sasa?" aliuliza Mama Josiane.

"Ndiyo."

"Wangapi?"

"Wengi."

"Nitakuja kununua mayai."

"Bado hawajatulia," alisema Masudi.

Magunia mawili ya makapi, yakishindiliwa vizuri na kufungwa kwa fundo la mwaka wa tisini na nane, ni mzigo wenye heshima. Ni manene, yana mbavu, yanalala juu ya baiskeli kama maofisa wawili wa wizara, na uzito wake ni kama wa maofisa hao kazini. Masudi aliyasukuma kila asubuhi nusu saa. Alikunja mgongo inavyotakiwa. Kwenye mwinuko alikunja uso. Madereva wa pikipiki walimpita bila kumtazama, na katika huko kutotazamwa aliona pumzi yake ikirudi. Mji ulijua tu kwamba Papa Masudi ameanza biashara ya mchele. Walioleta sukari walikuja kuuliza bei.

Dawa alimeza. Mawese alipimiwa na Hadidja kwa kijiko cha chai. Miezi mitatu ilipopita, Espérance alisoma kumi na tano kwa tisa, akasoma tena.

"Unatembea kweli?"

"Ninatembea."

"Na watu hawakusumbui?"

"Watu ni wapumbavu," alisema Masudi. Hakuongeza kitu, kwa kuwa alikuwa amemaliza.

"Basi sasa fanya dakika arobaini na tano."

Dakika arobaini na tano ndizo zilizomwangusha. Nusu saa ilikuwa na mahali pake pa kugeukia, kwenye mti wa mchikichi uliokatika kichwa. Robo saa zaidi ilimpeleka mpaka kwenye kamba. Kamba hiyo, yenye vitambaa vyekundu, imefungwa kukatiza barabara kwa niaba ya ofisi ambayo imebadilisha jina mara tatu bila kubadilisha kamba. Pembeni, chini ya bati moja, huketi Blaise. Blaise ana miaka hamsini na mbili na shingo imeshahama kwa unene. Kila msukumaji anayepita humwachia kikopo kimoja cha kile alichobeba: mchele, mahindi, karanga. Hakuna sheria inayosema hivyo. Hakuna pia anayekumbuka kuiuliza.

Blaise alinyoosha kikopo bila kuinuka. Masudi akatazama ule mkono, akaona mikono yote ya miaka mitano.

"Leo sina kikopo," alisema. "Chukua pesa." Akatoa noti.

Lilikuwa kosa kubwa. Katika maisha yake yote kwenye kamba, Blaise hakuwahi kumwona mtu anayelipa bila kubishana. Aliitazama noti, akamtazama Masudi, kisha akatazama magurudumu. Matairi yalikuwa mviringo kabisa, hayakubonyea hata kidogo.

"Mchele gani huu hauna uzito?"

"Ni mchele mukavu."

Blaise akainuka. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni na vitunga vyao, kamba zimepita kwenye paji la uso, wakasimama, maana Blaise kuinuka ni jambo la kuonwa. Alichukua ule mwiba wa chuma wenye mfereji ambao hutumika kuchotea mchele kwenye gunia, akauchoma, akauchomoa. Mkononi mwake yakamiminika makapi.

"Unaficha nini ndani?"

"Hakuna kitu."

"Muntu anazungushia makapi kitu. Ni dhahabu? Ni risasi?"

Alikata fundo. Alimwaga gunia la kwanza barabarani, akaingiza mikono mpaka viwikoni, akapekua. Alimwaga la pili. Upepo wa mtoni ukayachukua makapi na kuyagawa kwa haki: nywele za wanawake, kola ya Blaise, masharubu ya Masudi. Hapakuwa na kitu.

"Unatoka wapi?" aliuliza Blaise, sasa akihema.

"Nyumbani."

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Na makapi?"

"Yanarudi pia."

Blaise alisema kwamba kama ni hivyo wataelezana ofisini, mbele ya mukubwa wake, na karatasi. Masudi alifikiri juu ya ofisi, juu ya kiti watakachompa akae mpaka jioni. Akachagua aibu fupi.

"Munganga alisema nitembee," alisema. "Ni ya moyo. Nina tansio, presha ya juu."

Mama mmoja mwembamba, aliyebeba muhogo wa kutosha familia tatu, akajitengenezea kamba kwenye paji.

"Papa, kama ni kutembea tu," alisema kwa upole, "si uchukue kitunga changu? Kitakuponyesha mpaka Lokandu."

Walicheka wakiondoka, na kicheko chao kilisikika mbali, kwa kuwa walikuwa na mapafu ya watu wanaotembea. Kufikia saa tatu habari itakuwa sokoni. Kufikia saa sita Mama Josiane atakuwa amejua juu ya kuku. Masudi aliinama, akaanza kurudisha makapi kwenye gunia kwa viganja, siyo kwa sababu yana thamani, bali kwa sababu hakutaka kutazama juu.

Blaise hakurudi kwenye kiti. Alisimama kando ya Masudi, akashusha sauti.

"Vieux, mzee wangu, munganga alikukuta na ngapi?"

"Kumi na tisa kwa kumi na moja."

"Mie alinikuta na kumi na nane." Akapangusa makapi kwenye kola. "Na sasa uko na ngapi?"

"Kumi na tano kwa tisa."

"Na makapi tu?"

"Na vidonge. Na mawese ya kijiko. Na makapi."

Blaise akageuka kutazama kiti chake. Masudi akakitazama pia. Kilikuwa cha plastiki, cha buluu, mguu mmoja umefungwa waya. Wakati wa vita alikuwa amewaombea watu wa viti vile vifo vya kila namna, kwa orodha, akisukuma. Kifo hiki cha kuketi hakikuwamo kwenye orodha. Kilikuwa rahisi mno.

"Kiti chako kizuri, Blaise," alisema. "Kaa."

Akafunga magunia, akageuza baiskeli, akaondoka. Hakukunja mgongo tena, kwani hapakuwa na wa kudanganya. Njiani pikipiki mbili zilimpita zikipiga honi, na dereva wa pili akauliza makapi yanauzwaje. Masudi aligundua jambo la ajabu: alikuwa ameaibika mbele ya mji mzima na pumzi yake ilikuwa imetulia. Aliudharau mji sawasawa na jana, labda zaidi kidogo, lakini sasa aliudharau akitembea.

Hadidja alikuwa ameshasikia. "Kesho utatoka?"

"Nitatoka."

"Na gunia?"

Masudi alifikiri. "Na gunia. Nimelizoea."

Kesho yake, kwenye kamba, Blaise alikuwa amesimama. Amevaa viatu vya raba vya mtu mwingine, daftari la ofisi kwapani, uso wa kazi.

"Mzigo huu una mashaka," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka upande wa pili wa barabara. "Amri ni kwamba usindikizwe kwenda na kurudi. Kila siku, mpaka uchunguzi uishe."

"Amri ya nani?"

Blaise akatazama vitambaa vyekundu. "Ya juu," alisema.

Masudi alimtazama, shingo iliyohama, jasho ambalo limekuja kabla ya kazi, ile aibu kubwa iliyovalishwa daftari. Aliijua. Yeye mwenyewe aliivalisha magunia mawili. Angeweza kusema neno moja tu na wanawake wa sokoni wangelibeba mpaka mwisho wa mji.

"Ukichoka usinishike mzigo," alisema, akasukuma.

Wakaondoka hivyo, msukumaji wa makapi na mlinzi wake, na hakuna pikipiki iliyosimama, maana mtu aliyekamatwa hapakiwi. Wanavyosema walioliona, daftari la Blaise lina ukurasa kwa kila siku na kila ukurasa una maneno yaleyale: mzigo umesindikizwa, hakuna kilichoonekana. Siku hiyo ya kwanza, walipofika kwenye mwinuko, Blaise alianza kueleza maisha yake: mke, cheo alichonyimwa, magoti. Aliongea vizuri, bila kukatika. Masudi alikumbuka maagizo ya Espérance, akaona kwamba mgonjwa huyu anaweza kuongea, na pengine hata kuimba.

Akaongeza mwendo, mpaka nyuma yake pakawa kimya.